KATIBA NI MALI YA NYUMBA YAKO

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini kuna sanduku moja, au mkoba wa zamani uliowekwa juu ya kabati, ambao watoto hawaruhusiwi kuugusa. Humo ndimo baba na mama wanamotunza karatasi zao za thamani: shahada ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, barua ya kuajiriwa kazi na stakabadhi za karo. Nyumba ikishika moto, watoto wakisha kutolewa nje, sanduku hilo ndilo linalofuata.

Je, umepata kujiuliza ni kitu gani hasa kinachozipa karatasi hizo nguvu? Hati ya kiwanja ni karatasi na wino tu. Jirani mwenye mabavu aweza kuichana kwa mikono miwili. Kinachomzuia ni sheria, na sheria nayo ina mama yake, ambaye ndiye Katiba ya nchi. Lakini jambo la kushangaza ni kwamba ukilifungua sanduku hilo, ni nadra kuikuta Katiba miongoni mwa karatasi zile.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba Katiba ni kitabu cha mahakimu, mawakili na wabunge. Mfanyakazi wa kiwandani, mama muuza samaki na kijana wa gereji huona kwamba mambo hayo ni ya wasomi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Haki zilizoandikwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kuanzia ibara ya 12 hadi ya 24, zinahusu kitanda unacholalia, mshahara unaoupokea, shamba aliloacha marehemu baba yako na umri wa kuolewa wa binti yako.

TULIKOTOKA

Vijana wa leo hudhani kwamba haki hizo zilikuwamo katika Katiba tangu siku ya Uhuru. Hazikuwamo. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, viongozi waliamua kutotia orodha ya haki za raia katika Katiba. Hoja yao ilikuwa kwamba taifa bado lilikuwa changa, umoja ulikuwa haujakomaa, na mahakama zilikuwa bado mikononi mwa majaji wageni. Waliogopa kwamba orodha kama hiyo ingewapa majaji hao uwezo wa kuzuia mipango ya maendeleo ya wananchi. Tume ya Rais iliyotayarisha mfumo wa chama kimoja mwaka 1965 nayo ilipendekeza hivyo hivyo. Mahali pake iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo wananchi waliweza kuipelekea malalamiko yao.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na hatuna sababu ya kuwadhihaki wazee wetu. Hata hivyo, gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1962 ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, ambayo ilimwezesha Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Mke wa mtu aliyechukuliwa kwa sheria hiyo hakuwa na hakimu wa kumwendea kuuliza mumewe amekosa nini.

Mwaka 1976 yalitokea mambo ya kuhuzunisha katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu waliokamatwa katika upelelezi wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi waliteswa mikononi mwa vyombo vya usalama, na baadhi yao wakafariki dunia. Habari hizo zilipothibitika, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mapema mwaka 1977, ingawa yeye mwenyewe hakumtesa mtu yeyote. Taifa liliiheshimu hatua hiyo, na mwaka 1985 likamchagua kuwa Rais. Lakini waliokufa hawakurudi. Kiongozi mwungwana aweza kujuta baada ya jambo kutokea. Sheria iliyo imara ndiyo inayolizuia kabla halijatokea.

Wakazi wa mijini waliofika umri wa utu uzima wakati ule wanaukumbuka vizuri mwaka 1983. Mwaka huo ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasioweza kuonyesha kwamba wana kazi walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini. Mwaka huo huo ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Uhujumu ulikuwapo kweli, maana sabuni, sukari na khanga zilifichwa huku wananchi wakitaabika katika foleni. Lakini chini ya sheria ile ya kwanza mshtakiwa alinyimwa dhamana, alinyimwa wakili, na hakuweza kukata rufani. Mtu aliyesingiziwa na jirani aliyemchukia alisimama katika mlango ule ule na mhujumu halisi, bila njia ya kujitofautisha naye. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibidi ibadilishwe.

WANANCHI WALIDAI WENYEWE

Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama cha Mapinduzi ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, na wananchi wakaalikwa kuyajadili. Mapendekezo yenyewe yalihusu madaraka ya Rais, uwezo wa Bunge, Muungano na mengineyo ya namna hiyo. Orodha ya haki za raia haikuwamo. Ni wananchi wenyewe, katika mikutano, barua na makongamano, walioiongeza na kuishikilia.

Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Mabadiliko ya Tano ya Katiba ya mwaka 1984, iliyoanza kutumika Machi 1985. Zanzibar nayo ilipata Katiba yake mpya iliyobeba haki hizo. Kwa upande wa Muungano, Serikali ilipewa miaka mitatu ya kuzisafisha sheria zake, na mpaka Machi 1988 hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kwenda mahakamani kuzidai haki hizo. Mlango ulipofunguliwa, walioingia kwanza hawakuwa watu wakubwa.

MAMA WA KAGERA

Katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, alikuwako mama mmoja wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Mama huyo alizeeka, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mwaka 1988 aliuza shamba lile kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake mmoja akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga. Alisema kwamba kwa mila za Kihaya, kama zilivyoandikwa na Serikali mwaka 1963, mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo maadamu yu hai, lakini hana uwezo wa kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, ikaubatilisha uuzaji na kumwamuru mama huyo arudishe fedha.

Mama huyo hakukata tamaa. Mahakama ya Wilaya ilimrudishia haki yake, kwa sababu Katiba sasa ilikataza ubaguzi. Mpwa naye akapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu ambayo hadi leo husomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Alisema kwamba mila inayompa mwanamume uwezo wa kuuza na kumnyima mwanamke inapingana na Katiba, na kwamba tangu sasa wote wawili wana haki sawa katika jambo hilo. Hakuufuta ukoo. Aliwaachia wana ukoo nafasi ya kulikomboa shamba kwa kulipa bei ile ile, kama ambavyo wangefanya lau muuzaji angekuwa mwanamume.

Tafakari kidogo, ndugu msomaji. Yule bibi hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mzee aliyetaka chakula na matunzo katika siku zake za mwisho. Miaka miwili tu kabla ya kuuza, hakimu wa Muleba asingekuwa na kifungu cha kumtetea. Miaka tisa baadaye, mwaka 1999, Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi ambazo zilitamka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume.

BINTI WA MIAKA KUMI NA MINNE

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na mema mengi, lakini ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata akiwa na miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Kwa miaka mingi wanaharakati walilalamika, na tume zikaandika taarifa.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliishika Katiba na kwenda Mahakama Kuu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa Katiba yasema binadamu wote ni sawa mbele ya sheria, kwa nini mvulana alindwe hadi miaka 18 na msichana asilindwe? Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Serikali ilikata rufani, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani nayo ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba.

Wewe mzazi mwenye binti darasa la saba, hukumu hiyo si habari ya kusoma na kufunika gazeti. Siku shangazi au mjomba atakapokuja na posa na maneno matamu kuhusu mahari, utakuwa na jibu ambalo si ukaidi wala utovu wa adabu. Utasema: "Shangazi, nakuheshimu, lakini jambo hili Mahakama ya Rufani imekwisha lisemea."

USIKU WA KUKAMATWA

Sasa tuje kwenye jambo linalowatisha wakazi wengi wa mijini. Tuseme kijana wako hajarudi nyumbani. Saa tano usiku jirani anabisha hodi na kusema kwamba amemwona akipandishwa gari la polisi. Utafanya nini?

Kwanza, fahamu kwamba Katiba yasema mtu asihesabiwe kuwa mhalifu mpaka itakapothibitika kuwa amekosa. Pili, Katiba yakataza mtu yeyote kuteswa au kuadhibiwa kinyama, awe ametuhumiwa kuiba kuku au kuua. Tatu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yataka kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, ikiwa haielekei kuwa ataweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na kosa lenyewe si kubwa, aachiwe kwa dhamana. Nne, dhamana ya polisi haiuzwi. Anayekuomba fedha ili aitoe anatenda kosa, na anayempa naye anatenda kosa.

Kwa hiyo nenda kituoni kwa utulivu. Salimu, taja jina la mwanao, uliza ametuhumiwa kosa gani, na omba masharti ya dhamana. Polisi wengi ni watumishi waaminifu nao wana watoto. Lakini mtu anayejua analouliza husikilizwa upesi kuliko anayelia na anayetukana.

Nisikufiche kwamba eneo hili bado lina mabishano. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikibatilisha kifungu kimoja cha sheria hiyo kilichowanyima dhamana watuhumiwa fulani. Mwaka 2020, katika shauri jingine, mahakama hiyo hiyo ilikataa kubatilisha orodha ya makosa yasiyo na dhamana, ambayo mbali na mauaji na uhaini ina utakatishaji wa fedha. Basi mtu aweza kukaa rumande muda mrefu kabla ya kosa lake kuthibitishwa. Hilo lapasa kumfikirisha kila raia, kwa maana anayekaa rumande hulipiwa gharama na familia yake: mama anayepeleka chakula, watoto wanaokosa karo, mke anayeuza cherehani.

MWENYE NGUVU MPISHE?

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazoelekea kupingana. Moja yasema: mwenye nguvu mpishe. Nyingine yasema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nchi isiyo na Katiba inayoheshimiwa huishi kwa methali ya kwanza. Nchi yenye Katiba iliyo hai hujitahidi kuishi kwa ile ya pili.

Tangu mwaka 1974 sheria ilimtaka mwananchi aliyetaka kuishtaki Serikali aombe kwanza ruhusa ya Serikali hiyo hiyo. Ni sawa na kumwomba aliyekukanyaga ruhusa ya kusema "umenikanyaga". Wananchi wawili waliopeleka shauri lao Arusha hawakukubali. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo lapingana na Katiba, na Bunge likalibadili: sasa mwananchi hutoa notisi ya siku 90.

Katika shauri hilo mahakama iliweka kipimo ambacho kila raia angepaswa kukijua. Ilisema kwamba sheria inayopunguza haki ya mtu yapasa kuwa na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane zaidi ya inavyohitajika kutimiza lengo halali. Hata baba mwenye nyumba aweza kujipima kwa kipimo hicho anapowawekea watoto amri.

HAKI NA WAJIBU NI PACHA

Wapo wasemao kwamba maneno ya haki yanawaharibu vijana, kwamba kila mmoja sasa hudai na hakuna atendaye. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini Katiba yenyewe imeijibu. Mara baada ya kuorodhesha haki, ibara ya 25 hadi ya 28 zaorodhesha wajibu: kufanya kazi halali, kutii sheria, kutunza mali ya umma na kulilinda taifa. Ibara ya 30 yaongeza kwamba haki ya mmoja haitatumiwa kuvunja haki ya mwingine. Uhuru wa kusema si ruhusa ya kumsingizia jirani, wala uhuru wa kuabudu si ruhusa ya kutukana dini ya mwenzako.

Wapo pia wasemao: "Haki haziliwi. Tupeni kwanza unga." Mwenye njaa hana budi kusikilizwa. Lakini tazama unga wa mfanyakazi unatoka wapi. Katiba yataja haki ya kufanya kazi na haki ya kupata ujira wa haki, na juu ya msingi huo imejengwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ni kwa sheria hiyo mama aliyejifungua hupata likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha. Ni kwa sheria hiyo mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali aweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini afanye hivyo ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao si kwa kuwa hawakuwa nayo, bali kwa kuwa walikaa nyumbani wakihuzunika mpaka siku ya 31 ikafika. Asiyeijua haki yake huukosa hata huo unga.

MBONA BADO TUNASEMA?

Utauliza: ikiwa yote hayo yamekwisha andikwa na kuamuliwa, mbona tusiyaache? Kwa sababu haki ni kama bati la nyumba. Halidumu kwa kuwa lilipigiliwa misumari vizuri siku ya kwanza, bali kwa kuwa mwenye nyumba hulikagua kila masika.

Tazama mfano huu. Baada ya ushindi wa mama wa Kagera, wengi walidhani kwamba suala la urithi limekwisha. Lakini mwaka 2006 wajane wawili waliofukuzwa katika nyumba walizoishi na waume zao walipokwenda Mahakama Kuu, mahakama ilikiri kwamba mila za urithi zile ziliwabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake ilitamka kwamba wajane hao walidhulumiwa. Kutoka Kagera hadi hapo ilipita robo karne, na jambo ni lile lile.

Tazama na huu. Mwaka 2020 sheria ya kudai haki za msingi ilibadilishwa, na anayefungua shauri akatakiwa kuonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Maana yake ilikuwa kwamba hukuweza tena kutegemea kwa urahisi kwamba mtu mwingine, aliyesoma zaidi, angekwenda mahakamani kwa niaba yako. Wewe uliyeumia ndiwe uliyepaswa kusimama.

Habari njema nazo zipo. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kisingizio cha zamani kwamba mambo haya yamefungwa ndani ya Kiingereza kinazidi kuisha.

Basi, ndugu msomaji, jioni moja wiki hii, baada ya chakula, zungumza na watu wa nyumba yako. Tafuteni nakala ya Katiba. Mtoto anayejua kusoma vizuri asome ibara ya 12 na ya 13 kwa sauti, na bibi kama yupo aulizwe mambo yalikuwaje wakati wake. Binti asikie kwamba yu sawa na kaka yake. Kaka asikie kwamba ana wajibu. Baba na mama waandike wosia kama bado hawajaandika, na wasimsahau binti katika wosia huo, kama yule mzee wa Muleba alivyomkumbuka wa kwake.

Mkisha kusoma, ikunjeni nakala hiyo na kuiweka katika sanduku lile juu ya kabati, pamoja na hati ya kiwanja na shahada ya ndoa. Lakini katazo la watoto kuligusa sanduku lisiihusu karatasi hii moja. Hii waichukue wakati wowote waupendao, waisome mpaka ichakae.